Kisigino cha Kinyozi

Kinyozi hanyimwi ushauri. Mteja amekaa kitini, shuka iko shingoni, hana pa kwenda, na mbele yake kuna mtu anachechemea akizunguka kiti na mashine mkononi. Atanyamaza vipi? Kwa hiyo kisigino changu cha kulia kilipoanza kuuma, kilipimwa na benchi zima hapa Ngamiani, Tanga, kabla hakijaonwa na daktari. Mzee mmoja mstaafu wa bandarini alisema ni gauti, niache nyama nyekundu na maharage. Kijana wa bodaboda akasema ni baridi ya sakafu imeingia mfupani. Mama aliyemleta mwanawe kunyolewa alinielekeza kukanda kwa jani la mbono lililopashwa moto. Jirani wa duka la dawa akaniletea vidonge hapohapo kazini. Shehe wa msikiti wa mtaani alinisomea dua, nami nikaitikia amina kwa moyo wote, maana katika yote niliyopewa, hiyo ndiyo iliyokuwa bure na isiyochoma tumbo.

Maumivu yenyewe yalikuwa na ratiba. Alfajiri nikishusha miguu kitandani niende kutia udhu, hatua ya kwanza nilikuwa naipiga nimeshika ukuta. Ya pili nafuu kidogo. Nikifika msikitini mguu umeshalegea, natembea vizuri tu. Nikifungua saluni nasimama asubuhi yote bila shida, ila ikiingia alasiri kisigino kinaanza kupwita, na jioni nawaza kufunga mapema. Halafu kila nilipokaa, iwe mezani au kusikiliza hotuba ya Ijumaa, kuinuka kulinirudisha kwenye ile hatua ya alfajiri.

Ratiba hiyo inawachelewesha watu wengi. Maumivu yanayoyeyuka ukitembea huonekana madogo, na mtu hujiambia dawa yake ni kutembea zaidi. Nimewanyoa walimu, walinzi na wapishi wa hoteli wenye ratiba hiyohiyo, na karibu wote walikaa nayo miezi kabla ya kumwambia mtu mwenye ujuzi. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 10 atakutana na tatizo hili maishani mwake, zaidi akiwa kati ya miaka 40 na 60, kwa hiyo benchi langu halina cha ajabu.

Sikuteleza, wala sikukanyaga kitu. Ilianza baada ya Ramadhani, na asiye kinyozi hajui Ramadhani ni nini kwetu. Mchana kazi ni ndogo. Baada ya futari watu wanamiminika, katikati kuna tarawehe ambayo nayo ni kusimama, kisha unarudi kwenye kiti mpaka usiku mkubwa. Siku za mwisho kuelekea Idi hata kula unakula umesimama. Mguu uliozoea mzigo wa kawaida unabebeshwa maradufu kwa wiki chache, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya kandambili zilizokwisha soli. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeongeza kitambi. Hayo yote nilikuja kuyapanga baadaye. Wakati ule niliona ni mguu tu umeamka vibaya.

Mahali pa kwanza nilipokwenda niliandikiwa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu na uvimbe, pasipo mtu kugusa mguu. Nikameza, maumivu yakapungua makali, tumbo likaanza kuwaka, na alfajiri ukuta ulibaki palepale ukinisubiri.

Mtaalamu wa fiziotherapia niliyempata baadaye hospitalini alikuwa binti wa rika la wanangu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniambia nivue viatu. Akabonyeza kwa dole gumba chini ya kisigino upande wa ndani, pale unyayo unapoanzia, nikaruka. Akakamua kisigino kizima kwa viganja viwili kutoka pembeni, hakikuuma. Akagongagonga nyuma ya kifundo kwa ndani. Hakuna shoti wala ganzi. Akauliza kama mgongo unakaza asubuhi, kama nina sukari, kama visigino vyote viwili vinauma. Nilikuja kuelewa kwamba kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja. Kukamua kunatafuta ufa kwenye mfupa. Kugonga kunatafuta mshipa wa fahamu uliobanwa. Mgongo na visigino viwili kwa pamoja vinatafuta maradhi ya viungo ambayo chanzo chake hakiko mguuni kabisa. Na gauti ya mzee wa bandarini? Akasema gauti mara nyingi hushika kifundo cha dole gumba, huvimba na kuwa nyekundu hata shuka haigusiki. Yangu haikuwa hivyo. Nikarudi kula maharage.

Mwisho akanisimamisha mbele ya ukuta, vidole vikiwa umbali wa kiganja hivi, akaniambia nigusishe goti ukutani bila kuinua kisigino. Mguu wa kushoto ulifika. Wa kulia goti lilibaki hewani.

"Baba, kisigino ndicho kinacholia," akasema, "lakini anayekivuta yuko huku." Akashika shavu la mguu.

Kwenye kadi aliandika planta fashaitisi, yaani maradhi ya ukanda wa unyayo. Chini ya unyayo kuna ukanda mnene wa nyuzi ngumu, unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino kwa upande wa ndani, ukatanuka kwenda mbele na kugawanyika kuelekea vidole vyote vitano. Ndio unaoshika upinde wa mguu usilale. Tunapoinua kisigino ili kupiga hatua, vidole hukunjika kwenda juu, ukanda huzungushwa chini ya vifundo vya vidole, unakaza, na upinde unapanda, kama kamba ya henza inavyopita kwenye kapi na kutweka tanga. J. H. Hicks wa Uingereza aliueleza utaratibu huu mwaka 1954 na mpaka leo ndio unaofundishwa. Sasa shavu la mguu likikaza, kifundo hakikunjiki vya kutosha, kisigino kinainuka mapema na ukanda unabeba mzigo kabla ya zamu yake. Ongeza uzito wa mwili, ongeza kusimama kutwa, umempata kinyozi.

Nilimuuliza kuhusu sijda. Kwa wiki nyingi nilikuwa nalaza vidole vya mguu wa kulia, kwa sababu kuvikunja kuelekea kibla kulivuta unyayo vibaya. Akacheka. Akasema kule kuvuta ndiko anakokutaka, ila polepole. Nikapiga hesabu: swala tano za faradhi peke yake zina rakaa 17, yaani sijda 34 kwa siku, na nimeswali tangu utotoni. Mbona basi nimeugua? Jibu lake nililipenda: sijda ni fupi, na mzigo wake ni mdogo; inanyoosha ukanda, haiuimarishi kubeba mtu mzima anayesimama kutwa. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza sawasawa.

Jambo lililobadilisha mawazo yangu ni hili. Mimi, na nadhani wateja wangu wote, tuliamini kuna kitu kimevimba ndani kinachongoja dawa ya kukituliza. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Harvey Lemont walichapisha walichokiona kwenye vipande vya ukanda huu kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Uvimbe waliotarajia hawakuukuta. Waliona nyuzi zilizochakaa na kupoteza mpangilio wake. Ukanda uliochakaa hautengenezwi na diklofenaki. Hautengenezwi na kulala wiki nzima pia, maana nyuzi za mwili hujijenga pale zinapopewa kazi ya kiasi. Kwa hiyo mapumziko matupu ni nusu ya tiba, na kuvumilia kusimama vilevile siyo tiba kabisa. Katikati ya hivyo viwili ndiko kuliko na kazi, na ni kazi ya kuchosha roho kuliko mwili.

La kwanza alilonipa hufanywa kitandani, kabla unyayo haujagusa sakafu. Unakaa, unapandisha mguu mgonjwa juu ya goti la pili, unashika vidole vyote kwa mkono na kuvivuta kuelekea muundi mpaka usikie ukanda umekaza chini. Ukipitisha dole la mkono wa pili kwenye unyayo unausikia umesimama. Sekunde 10, unaachia, mara 10. Mara tatu kwa siku, ya kwanza ikiwa hiyo ya alfajiri. Zoezi hili lilijaribiwa Rochester, New York, na kundi la DiGiovanni, nao wakaona mwaka 2003 kwamba linatuliza maumivu ya hatua ya kwanza kuliko kunyoosha nyuma ya mguu peke yake. Mimi nalithibitisha kwa ukuta wangu: ndilo lililoniachisha kuushika. Lakini jioni ya kazini halikuigusa sana.

La pili ndilo lenye uzito. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo imekunjwa na kuwekwa chini ya vidole ili vikunjike kwenda juu, kisigino kinaning'inia nje. Unapanda kwa sekunde tatu, unakaa juu sekunde mbili, unashuka kwa sekunde tatu. Unaanza na mara 12, seti tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya wiki mbili unabeba begi la mgongoni lenye uzito, unafanya mara 10, seti nne. Wiki mbili tena, uzito zaidi, mara 8, seti tano. Huu ni mpango wa Rathleff na wenzake wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2014. Waliwagawa wagonjwa 48, wengine wakanyoosha tu, wengine wakafanya hili. Baada ya miezi mitatu wa ngazini walikuwa mbele. Ilipofika mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Niliposikia hivyo nilitaka kumuuliza kwa nini basi nijitese, lakini miezi kwa mtu anayelipwa kwa kusimama si kitu cha kutupa.

Begi langu lilikuwa na unga wa sembe. Watoto walinihesabia sekunde kwa sauti kubwa, na majirani waliopita waliamini napika mpango wa kwenda jeshini kwa umri huu.

Wiki za mwanzo hakuna kilichobadilika. Hapa ndipo wengi wanaponiambia "fundi, nilijaribu, haikusaidia," na ukiwauliza walijaribu muda gani, ni siku za kuhesabika. Kipimo nilichopewa kilinisaidia kutokata tamaa: maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, asubuhi inayofuata ndiyo hakimu. Kama hatua ya kwanza haijawa mbaya kuliko jana, mzigo ulikuwa sawa. Kama imekuwa mbaya, punguza, usiache. Kuna asubuhi nilitoa unga, kuna asubuhi niliongeza. Niliacha kuuliza kama nimepona, nikawa nauliza jana nilibeba kiasi gani.

Viatu navyo vina habari ndefu, na mimi ni mtu wa mtumba. Raba ya mtumba usiinunue kwa sura. Ishike kisigino na ncha, ikunje: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati, iache. Izungushe unavyokamua nguo. Ikizunguka yote bila ubishi, haitakushika wewe wala mwingine. Bonyeza kikombe cha nyuma kinachoshika kisigino, kisilegee. Kisha igeuze uone soli ililika upande gani, kwa sababu mwenye nacho wa kwanza alikuachia mwendo wake humo. Sponji iliyokandamizwa haifufuki hata kiatu kikioshwa kikang'aa. Niliuliza pia kuhusu soli za ndani za kutengenezewa kwa vipimo vya mguu wangu. Bei yake ilikuwa vichwa vingi sana. Binti yule akaniambia za kawaida za dukani, zenye kuinua upinde kidogo, kwa wengi hutoa matokeo yanayokaribiana na hizo. Nilinunua za kawaida.

Nyumbani kulikuwa na kesi nyingine. Sisi viatu vinabaki mlangoni, na sakafu yetu ni vigae. Kutembea peku kutwa kwenye vigae ndiko kulikokuwa kunakula nafuu niliyoipata ngazini, lakini jaribu kumwambia mke wa Kitanga kwamba unataka kuingia na viatu sebuleni. Tukaelewana: sendo moja yenye soli nene, mpya, haijawahi kugusa barabara, inakaa ndani na haitoki. Mama mkwe alipokuja kututembelea aliitazama sana ile sendo, hakusema kitu, na kwa kweli kutosema kwake kulisema mengi. Saluni nilitandika kipande cha mpira mnene kuzunguka kiti, na nikatafuta kigoda kirefu chenye magurudumu kwa ajili ya kazi za ndevu. Wateja walidhani nimezeeka. Sasa vijana wawili ninaofanya nao wanakigombea.

Wakati fulani nilipiga eksirei, kwa shinikizo la benchi. Picha ikaonyesha kweli kuna mfupa mdogo umechomoza chini ya kisigino, na benchi likashangilia ushindi. Lakini vimfupa hivyo huonekana pia kwa watu wengi ambao hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja, na wenye maumivu wengi hawana. Mfupa wangu bado uko palepale, haukukatwa, na maumivu yaliondoka. Hela ya picha ile ningenunulia raba.

Sindano ni jambo jingine linaloulizwa. Mteja wangu mmoja, mpishi, alichomwa steroidi kwenye kisigino na mwezi mmoja alitembea anaimba. Kisha yakarudi. Hivyo ndivyo sindano hiyo ilivyo kwa wengi: nafuu ya wiki kadhaa, na ikirudiwarudiwa inaweza kupunguza mto wa mafuta ulio chini ya kisigino au kudhoofisha ukanda mpaka ukakatika. Sisemi isichomwe kamwe. Nasema anayechomwa autumie mwezi ule wa nafuu kupanda ngazi na begi, sio kuongeza zamu jikoni, kama alivyofanya yeye. Kuna pia mashine za mawimbi ya mshtuko kwenye hospitali kubwa kwa maumivu sugu, na upasuaji kwa wachache sana. Wengi wetu hupona ndani ya miezi 12 bila kufika huko.

Barafu? Chupa ya maji iliyogandishwa, unaiviringisha chini ya unyayo jioni. Inatuliza, ni rahisi, haitibu chochote. Niliipenda.

Lakini kuna mtu mmoja ananifanya niwe mkali kidogo ninapoona mtu anasambaza ushauri wa maji ya moto na chumvi. Ni mzee, mteja wa miaka mingi, ana sukari. Alisikia habari za kisigino changu, naye miguu ilikuwa inamuwaka usiku, akaamua kuiloweka. Hakuhisi kwamba maji ni ya kuunguza. Malengelenge aliyaona mwanawe asubuhi, na kidonda kile kilichukua muda mrefu sana kufunga. Miguu inayowaka usiku, inayotambaliwa na wadudu wasioonekana, iliyokufa ganzi, hiyo si hadithi yangu hata kama kisigino kimo humo. Ni mishipa ya fahamu, na mwenye sukari hapaswi kuloweka miguu kwenye maji ya moto, wala kutembea peku, wala kulala bila kuikagua nyayo. Tangu siku ile mtu akiniuliza dawa ya kisigino namuuliza kwanza kuhusu sukari.

Wengine pia nawaelekeza hospitali badala ya ngazini. Kijana ambaye visigino vyote vinauma, mgongo unakaza asubuhi mpaka apashe mwili, na jicho limewahi kuwa jekundu na kuuma, huyo hahitaji taulo langu. Aliyeanza mbio ghafla au ametoka mafunzo ya kijeshi, na kisigino kinauma kikikamuliwa pembeni, apigwe picha. Mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayechechemea baada ya mpira kwa kawaida ana shida ya sehemu ya mfupa inayokua, na hiyo huisha akishakua. Apunguziwe mechi, asichomwe sindano na mtu. Na maumivu yanayokuamsha usiku umelala, bila kusimama wala kukanyaga, usiyape miezi.

Mimi sasa alfajiri nashuka kitandani bila kufikiria mguu. Haimaanishi yamekwisha. Januari shule zikikaribia kufunguliwa, vichwa vya wanafunzi vinapojaa hadi nje, kisigino hunikumbusha kwa siku chache, nami napunguza saa za kusimama na kurudi kwenye kuvuta vidole. Ramadhani sisubiri inikumbushe. Shaabani ikiandama naanza ngazi, mara tatu au nne kwa wiki, ili tarawehe na foleni ya Idi ziukute mguu umeshazoea uzito. Mke wangu anajua kwamba mwezi ule mfuko mmoja wa sembe hauhesabiwi kwenye chakula.